Bunduki Niliyomchagulia Baba Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima wa watu. Tena siku ya posa yangu mwenyewe. Tena nimevaa suti.

Nimeingia Bukoba sasa hivi kutoka Muleba. Nina plasta kubwa juu ya jicho la kulia, na jicho lenyewe linafunguka nusu, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Naandika haraka kwa sababu baba yangu mdogo alikuwepo, ana simu, ana salio, na akisimulia kitu lazima aongeze chumvi. Bora msikie kwangu kwanza.

Nirudi nyuma kidogo ili muelewe. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa mjini. Wateja wakipungua, naangalia simu. Wenzangu huangalia mpira, mimi nikajikuta kwenye video za bunduki za kuwindia. Sijui ilianzaje. Niliangalia moja, simu ikaniletea ya pili, baada ya muda nikawa najua mitutu inavyochongwa kiwandani, kaliba, yaani ukubwa wa risasi, zinavyotofautiana, na darubini gani inafaa kwa mnyama gani. Nikaanza kuchangia kwenye magrupu. Nikaanza kuwasahihisha watu. (Bunduki yenyewe nilikuwa sijawahi kuishika. Hata manati utotoni nilikuwa nakosa embe lililo mbele yangu.)

Mchumba wangu anaitwa Koku, kwao ni Kamachumu, huko huko Muleba. Baba yake, Mzee Fidelis, alikuwa mnunuzi wa kahawa, sasa amestaafu. Ana shamba la mihogo kule bondeni, jirani na pori, na nguruwe pori wamelifanya hoteli. Wanakuja usiku, wanakula, wanaacha wamefukua matuta kama trekta. Mzee akachoka. Akahangaika na vibali vya serikali, ofisi hii na ile, mpaka akaruhusiwa kumiliki bunduki na kuwapunguza hao nguruwe.

Sasa, bunduki gani? Mzee alikuwa na masharti yake. Iwe ya kiwandani, maana magobore ya kuchonga hataki hata kuyasikia. Iwe na shabaha ya kuaminika. Na iwe ya bei ya kati, kwa sababu pesa yenyewe ni ya kahawa. Duka moja la silaha la Mwanza likamtumia picha za bunduki tatu. Koku akamwambia, "Baba, muulize Evo. Evo ni mtaalamu."

Evo ni mimi.

Mzee akanitumia zile picha. Ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu, mbao zimenakshiwa, lakini bei yake ingemaliza kahawa ya kijiji kizima. Tukaiacha. Ya pili ilikuwa na kitako cha mbao, nzito, kaliba ya wastani. Ya tatu ilikuwa na kitako cha plastiki ngumu, nyepesi, kaliba kubwa, na darubini juu yake. Bei ya pili na ya tatu zilikuwa sawasawa.

Mzee alipenda ya pili. Aliniandikia: "Hii naiona imetulia."

Ningemjibu "sawa Mzee", leo ningekuwa na nyusi mbili nzima. Lakini mimi ni mtoto wa Bukoba. Kuulizwa jambo halafu nijibu kwa neno moja? Nilimrekodia sauti ndefu. Nikamwambia, "Mzee, uzito ni mambo ya zamani. Siku hizi hata bunduki ya bei ya kawaida inatoka kiwandani na shabaha kali, kwa nini ulipie mbao? Chukua nyepesi, utapanda nayo milima bila kuchoka. Na kaliba chukua kubwa, nguruwe pori ana ngozi ngumu." Halafu nikaongeza yale maneno yaliyonimaliza: "Ila ikifika usiipige kwanza. Darubini mpya lazima isetiwe na mtu anayejua."

Mtu anayejua! Nilimaanisha fundi wa lile duka. Mzee akaelewa ni mimi. (Nisiwadanganye, rohoni nilifurahi aelewe hivyo.)

Mzee akanunua ya tatu. Akaifungia kabatini kwa kufuli. Akawa anamsubiri mtu anayejua. Nguruwe wakaendelea kula, na mimi nikaendelea kutoa kopi, sina habari.

Haya, leo sasa.

Tumeondoka Bukoba asubuhi, mimi, wajomba wawili na mshenga wangu, yaani baba mdogo Laurian. Baba mdogo alikuwa mwalimu, na kustaafu hakujamfunga mdomo. Tulipofika Kemondo akaanza kunipa maelekezo. "Leo wewe husemi. Wewe ni bidhaa. Bidhaa haijisemei, anayeisemea ni muuzaji. Ukiulizwa, najibu mimi. Ukisifiwa, unainama. Wakileta kahawa, unatafuna."

"Na wakiniuliza mimi mwenyewe?"

"Hawatakuuliza wewe. Wataniuliza mimi kuhusu wewe, hata kama umekaa mbele yao."

Nikaona ni mpango mzuri. Mimi nikiwa na hofu huwa naropoka, kwa hiyo kunyamaza siku nzima kulinifaa sana.

Tukapokelewa vizuri. Sebuleni ukoo umejaa, wazee upande mmoja, shangazi na mama zake Koku upande wa pili, Koku mwenyewe kafichwa ndani. Kikaja kikapu kidogo cha buni za kahawa za kutafuna, desturi yetu ya kumkaribisha mgeni. Nikachota. Kwa woga nikachota nyingi, nikazijaza shavuni. Kuzitema mbele ya wakwe haiwezekani, na kuzitafuna haraka inasikika. Basi nikakaa na shavu limevimba, nimeinama, bidhaa kabisa.

Baba mdogo akaanza. Jamani, yule mtu anajua kuuza! Alieleza elimu yangu (akaongeza). Akaeleza duka langu (akaliita kampuni). Akaeleza tabia yangu mpaka mimi mwenyewe nikatamani kukutana na huyo kijana. Wazee wakawa wanatikisa vichwa. Nikaona mambo yanakwenda.

Mzee Fidelis akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, akimwangalia baba mdogo na kumwita waitu, yaani ndugu yetu kwa Kihaya, "Tumesikia, waitu. Jibu la posa tutawapa leo leo, hatutawachelewesha. Ila kabla ya jibu kuna kazi ndogo. Ile bunduki ya kijana wako iko kabatini."

Ile bunduki ya kijana wako! Kahawa ikanikwama.

Mzee akaendelea. "Alisema nisiipige mpaka isetiwe na mtu anayejua. Nimetii. Mwezi mzima nimetii. Mihogo yangu imekwisha nusu nikiwa natii. Leo mtu mwenyewe kafika. Je, kijana wako ataniwekea sawa darubini yangu?"

Nikamfinya baba mdogo paja. Nilimfinya kwa nguvu zangu zote, maana yake ilikuwa kata, kataa, sema ana homa, sema amesahau miwani. (Sivai miwani.) Baba mdogo yeye akadhani nampa moyo.

"Waitu, hilo nalo ni la kuuliza?" akasema. "Huyu akimlenga sisimizi, unamwambia tu mguu gani."

Ukoo ukapiga makofi. Mimi nimeinama, shavu limejaa, siruhusiwi kusema neno. Na hata ningeruhusiwa, jamani, ningesema nini? Kwamba baba mdogo wangu ni mwongo, mbele ya watu tuliokuja kuwaomba binti yao? Nikajiambia, Evo, video umeangalia nyingi. Ni kulala chini, kulenga, kuvuta. Watu wanafanya kila siku. (Mawazo haya huwa yanakuja na sauti tulivu kabisa, msiyaamini.)

Tukatoka. Nyuma ya nyumba, ukivuka migomba, kuna sehemu walikochimba udongo wa matofali, pamebaki ukuta mrefu wa ardhi. Mahali salama, hakuna njia wala nyumba upande ule. Mzee akaegemeza pale boksi tupu la sabuni, akachora duara kwa mkaa. Akawaondoa watu wote wakae nyuma yetu. Wanawake wakabaki ndani wakipakua chakula. Akatandika mkeka, akaweka gunia la kahawa la kuegemezea mtutu, akaileta bunduki kwa mikono miwili.

Mimi nilidhani nitaiona kubwa. Ilikuwa nyepesi kama fimbo. Kwa sekunde moja nikajisifu, nikasema unaona, nilichagua vizuri.

"Muulize kijana wako," Mzee akamwambia baba mdogo, "anataka kuvua koti?"

Baba mdogo hakuniuliza. "Hahitaji, waitu. Hiki kwake ni kitu kidogo."

Nikalala kwenye mkeka na suti yangu. Hapo nifafanue makosa yangu, maana yalikuwa mawili na yote nilishawahi kuwasahihisha watu nayo kwenye grupu.

La kwanza, ile bunduki ilikuwa imepakwa mafuta, na suti nimeazima kwa rafiki. Kwa hiyo sikukibana kitako begani. Nilikiacha hapo mbele kidogo, kisichafue.

La pili, nilipochungulia kwenye darubini niliona giza. Nikasogea. Nikaona mwanga kidogo, mdogo kama sarafu. Nikasogea tena. Nikasogea mpaka kope zikagusa kioo, na hapo ndipo nikaliona boksi vizuri, kubwa, mpaka maandishi ya sabuni nayasoma. Nikafurahi. Nikavuta.

Mlio sikuusikia. Watu wananiambia ulikuwa mkubwa, kuku walikimbilia jikoni. Mimi nilichokipata ni kitu kimoja tu: darubini ilirudi nyuma ikanigonga juu ya jicho kama nyundo. Kaliba kubwa, bunduki nyepesi, kitako kinaelea, jicho limebandikwa kwenye kioo. Yote niliyomshauri Mzee yalikusanyika yakanipiga mahali pamoja. Na ile kahawa yote ya shavuni niliimeza kwa mkupuo.

Sasa sikieni. Wanawake kule ndani wamesikia mlio. Wao wanajua nini? Wanajua kijana mpiga shabaha ameshapiga. Vigelegele vikalipuka nyumba nzima. Shangazi Paskazia, dada mkubwa wa Mzee, akatoka mbio kwenye migomba, mkono juu, anapiga kigelegele kirefu, ananikuta nimekaa kwenye mkeka damu inashuka kutoka kwenye nyusi, imeingia kwenye shati jeupe na tai. Kigelegele kikakatika katikati.

"Ai waitu! Nguruwe karudisha pigo?"

Halafu Mzee Fidelis, ambaye mpaka hapo anafuata taratibu za posa bila kuruka hata moja, akamgeukia baba mdogo.

"Mwambie kijana wako anatoka damu."

Baba mdogo akaniinamia. "Evo, Mzee anasema unatoka damu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Waitu," baba mdogo akamrudia Mzee, "kijana anashukuru kwa taarifa."

Nawaapia hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nimekaa katikati yao, miguu yangu inagusa viatu vyao, wanapitishiana habari za uso wangu. Shangazi akaleta maji na kitambaa, akanibana jeraha. Lilikuwa limechanika umbo la mwezi mchanga, zuri kabisa, kama limechorwa kwa bilauri.

Wajomba wakaenda kukagua boksi. Wakaligeuza mbele, wakaligeuza nyuma. Hakuna tundu. Wakatafuta kwenye ukuta wa udongo, kushoto, kulia, juu. Hakuna. Mjomba mmoja akarudi na boksi amelibeba kwa heshima, akasema, "Bado ni jipya."

"Alikuwa anaipasha moto," akasema baba mdogo. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

Mzee akaagiza boksi lirudishwe ukutani, akavua koti lake, akalikunja, akampa Shangazi. Akalala kwenye mkeka. Mzee alipitia mgambo ujanani mwake, mimi sikulijua hilo, na Koku hakuniambia. Akakibana kitako begani mpaka kikazama. Kichwa akakiacha nyuma, mbali na kioo. Akatulia. Akapiga. Boksi likatikisika. Akakoki, akapiga tena. Wajomba wakakimbia kuliangalia: matundu mawili yamekaa jirani, pembeni kidogo tu ya duara. Mzee akainuka, akajipangusa, akazungusha kile kifungo cha juu ya darubini kidogo, wajomba waliporudi akalala tena, akapiga ya tatu. Ndani ya duara.

"Bunduki haina kosa," akamwambia baba mdogo. "Inapiga teke kama punda, ila shabaha yake ni ya kweli. Mwambie kijana wako alichagua vizuri."

Hapo ndipo iliponiuma kabisa. Kama bunduki ingekuwa mbovu ningekuwa na la kusema! Ningeilaumu darubini, ningelaumu kiwanda, ningelaumu duka la Mwanza. Lakini bunduki niliyoichagua mimi mwenyewe ilikuwa nzuri mno, mbovu nilikuwa mimi.

Tukarudi sebuleni. Nikakaa pale pale nilipokuwa nimekaa, sasa na plasta aliyonibandika Shangazi. Koku alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, wamesahau kumficha. Alikuwa ananiangalia na amejiziba mdomo kwa khanga, nikashindwa kujua analia au anacheka. Sikujali tena suti wala jicho. Niliwaza kitu kimoja tu: nimemkosa huyu dada kwa sababu ya rekodi ya sauti.

Mzee akakohoa. Akaniangalia. Mimi, siyo baba mdogo.

"Wewe, Evodius. Kabla ya leo umeshawahi kupiga bunduki?"

Baba mdogo akadaka haraka. "Waitu, kijana wetu huyu tangu zamani..."

Mzee akainua kiganja. "Nimemuuliza yeye."

Sebule nzima ikanigeukia. Niliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mdomoni hakuna kahawa tena, hakuna pa kujificha.

"Hapana, Mzee."

"Kuishika?"

"Hapana, Mzee. Nilikuwa naziangalia kwenye simu."

Mzee mmoja wa pembeni alitoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Baba mdogo alifumba macho. Mzee Fidelis akachukua kahawa moja kikapuni, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha. Mimi nikawa nahesabu vitambaa vya makochi.

"Tangu mmeingia," akasema, "nimeambiwa mengi sana kutoka upande wenu. Kampuni. Sisimizi. Hili ndilo la kwanza nililoliamini." Akamgeukia tena baba mdogo, taratibu zikarudi mahali pake. "Mwambie kijana wako posa yake tumeipokea."

Shangazi Paskazia ndiye aliyeanza. Safari hii kigelegele alikimaliza. Baba mdogo akasimama akataka kutoa hotuba, wajomba wakamvuta shati akakaa. Koku akashusha ile khanga mdomoni. Alikuwa anacheka, jamani. Alikuwa anacheka mpaka machozi, na mimi nikaanza kucheka naye, plasta ikabanduka.

"Lakini," akasema Mzee.

Nikaibonyeza plasta irudi mahali pake.

"Mihogo yangu imeliwa mwezi mzima nikimsubiri mtaalamu. Kwa hiyo mpaka nivune, kila Jumamosi mtaalamu atakuja mwenyewe kukesha bondeni, kuilinda."

Baba mdogo uso ukamng'aa, akaona heshima ya ukoo imerudi. "Sawa kabisa, waitu! Na bunduki utamkabidhi wewe mwenyewe, au?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Nitamkabidhi debe. Na rungu la kulipigia."

Basi wateja wangu, Jumamosi duka limefungwa. Ukicheka, cheka tu, ila kopi yako utaenda kuitoa kwa mwingine.